Mabior Chol na kazi ya kuhama klabu

Mwafrika Mashariki anayehamia Melbourne hugundua mapema kwamba jiji hili lina mpira wake, na kwamba mpira huo si kandanda aliyoizoea nyumbani. Wenyeji huuita futi. Uwanja wake ni wa mviringo wenye umbo la yai, kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani, mpira hushikwa na kupigwa kwa mguu au kwa ngumi, na milingoti ya goli ni minne badala ya miwili. Ukipita katikati ya ile miwili ya ndani kwa mguu wa mshambuliaji, timu hupata pointi 6, na ukipita pembeni yake hupata 1. Kazini, kwenye treni na hata kanisani, usipokuwa na timu unayoishabikia utabaki msikilizaji tu kuanzia Machi hadi Septemba.

Sisi tuliotoka Kenya tumezoea kumtaja kwanza Aliir Aliir, kwa kuwa alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akaichezea Sydney Swans, kisha akahamia Port Adelaide na mwaka 2021 akateuliwa katika kikosi bora cha msimu. Fahari hiyo ni ya haki kabisa. Mimi, hata hivyo, nimevutiwa zaidi na safari ya Mabior Chol, mchezaji ambaye jina lake halikupata kuimbwa sana, kwa sababu safari yake inaonyesha vizuri zaidi jinsi wachezaji wengi wa AFL, ligi kuu ya futi nchini Australia, wanavyopata riziki.

Chol alizaliwa mwaka 1997 katika familia ya Sudan Kusini iliyokimbia vita, ikapitia Misri, na hatimaye ikafika Brisbane yeye akiwa bado mtoto. Mwishoni mwa mwaka 2015 klabu ya Richmond ya Melbourne ilimchukua kama mwanagenzi. Katika ligi hii, chipukizi hawajichagulii klabu. Ni klabu zinazochagua kwa zamu kila mwaka, na kwa kawaida iliyoshika mkia ndiyo huanza. Wasioitwa katika uchaguzi huo mkuu wanaweza kuchukuliwa baadaye kwa mikataba midogo, mara nyingi ya muda mfupi, na hapo ndipo Chol alipopatia mlango. Alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwaka 2016, kisha akarudi kungoja.

Kungoja kwenyewe hufanyika katika VFL, ligi ya chini ambamo klabu kubwa huchezesha wachezaji wao wa akiba. Timu ya akiba ya Richmond ilikuwa ikicheza Punt Road, uwanja mdogo ulio jirani kabisa na MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne unaobeba watu wapatao 100,000. Nilipenda sana kwenda pale. Watu huja na mbwa wao na watoto wao, na wakati wa mapumziko mashabiki huruhusiwa kuingia uwanjani, wakawazunguka wachezaji na kumsikiliza kocha akiwafokea au kuwatia moyo. Ukisimama hapo unaona kwa karibu soksi zilizojaa tope na macho ya kijana ambaye anajua kwamba mwishoni mwa msimu mkataba wake unakwisha.

Richmond ya miaka ile ilikuwa moto wa kuotea mbali, ikatwaa ubingwa mwaka 2017, 2019 na 2020, na katika fainali zote tatu Chol hakuwamo kikosini. Fainali ya 2020 ilihamishiwa Brisbane kwa sababu ya janga la korona, yaani katika jiji alilokulia, na bado nafasi yake haikupatikana. Mlango wa akiba si kwamba haufunguki: mwaka 2019 Marlion Pickett alicheza fainali ya VFL, na wiki iliyofuata akacheza mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi kuu, ambayo ndiyo ilikuwa fainali yenyewe. Lakini ulifunguka kwa mmoja.

Baada ya mechi 31 katika misimu sita, Chol aliondoka kwenda Gold Coast Suns. Mwaka 2022 mshambuliaji wao mkuu, Ben King, alikosa msimu mzima kwa jeraha la goti, na Chol, mwenye urefu wa mita 2, akaziba pengo hilo kwa magoli 44, mengi kuliko mchezaji yeyote wa klabu hiyo mwaka huo. King alipopona, nafasi ya Chol ikapungua tena. Naliona jambo hilo kuwa gumu kuliko kukaa akiba tangu mwanzo, kwa maana safari hii alikuwa ameshathibitisha uwezo wake mbele ya kila mtu.

Mwishoni mwa 2023 alihamia Hawthorn, akarejea Melbourne. Wasomaji wa kandanda wafahamu kwamba hapa klabu hazilipani ada za uhamisho. Hubadilishana wachezaji na zamu za kuchagua chipukizi, na kila klabu ina kikomo cha jumla ya mishahara, hivyo mchezaji wa aina ya Chol hupimwa kila mara kama anastahili nafasi anayochukua. Hawthorn ilianza msimu wa 2024 kwa kupoteza mechi tano mfululizo, kisha ikainuka hadi hatua ya nusu fainali, ambako ilifungwa na Port Adelaide kwa tofauti ya pointi 3 tu. Katika msimu huo Chol hakuwa tena mtu wa kuziba pengo la mwingine, bali mshambuliaji ambaye kocha alimpanga wiki baada ya wiki, akiwa na umri wa miaka 27 na katika klabu yake ya tatu.