504 ipi?

Sasa najua. Kadi ya Peugeot 504 ya Mjomba imeandikwa sisi (cc, yaani ujazo wa injini) 1796, lakini injini iliyomo ni ya sisi 1971. Leo tumeifungua yote hapa gerejini Jinja, hedi (kifuniko cha juu cha injini) chini, pistoni nje, na venia, kile kifaa cha kupimia milimita, imemaliza ubishi wa injini ni ipi, uliokuwepo tangu nianze kulifufua hili Peugeot.

Peugeot 504 ilipotoka mwaka 1968 ilikuwa na injini ya sisi 1796, ile ambayo Wafaransa waliiita XM. Haikupita miaka mingi wakaja na XN ya sisi 1971. Kwa nje utazitazama mpaka macho yaume. Mwendo wa pistoni ni milimita 81 kwa zote mbili, kwa hiyo kuupima hakukusaidii kitu. Tofauti iko kwenye upana wa silinda: 84 kwa ndogo, 88 kwa kubwa. Milimita nne tu, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Madukani spea zinauzwa kwa jina la gari. Kampala, kule soko la Kisekka, niliulizia seti ya 504 nikaletewa boksi safi, pistoni zinang'aa, ringi (pete za pistoni) bado zimefungwa kwenye karatasi yake.

"Ssebo (bwana), hii ni ya 504 kabisa."

"504 ipi?"

"504 ni 504, ssebo!"

Nikatoa venia: 84. Kijana wa watu hakuwa anadanganya. Kuna pikapu za 504 zenye injini ya 1796, na nyingine zina ya 1618, kwa hiyo boksi lake lina wenyewe. Hiyo 1618 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana ni ya ukoo wa 404, Peugeot iliyoitangulia 504: upana ni 84 vilevile, ila mwendo wa pistoni ni 73. Ndiyo maana fundi mzuri haridhiki na upana peke yake. Anapima pia kutoka tundu la pini hadi kichwani mwa pistoni, na anailinganisha na ile ya zamani aliyoitoa. Kwa hiyo kama unafufua gari kuukuu, usitupe pistoni mbovu mpaka mpya ziwe zimeshaingia. Hiyo mbovu ni kipimo chako.

Kupima nako kuna namna yake. Mzee wetu wa gereji alinikuta nimeshaingiza venia mdomoni mwa slivu, lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, akanisogeza mkono. "Juu kumeliwa, kijana wangu. Shuka chini." Akafuta slivu kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akaniambia nipitishe ukucha. Karibu na mdomo pana kijingazi, pale ringi ya juu inapofikia na kugeuka. Chini ya kijingazi hicho chuma kimelika. Ila chini kabisa, ambako ringi hazifiki, chuma kimebaki kama kilivyotoka kiwandani. Pale venia ikasoma 88 bila kusitasita.

Uzuri wa Peugeot hizi ni kwamba slivu inachomolewa. Maji ya rejeta yanaizunguka kwa nje, hivyo hakuna kupeleka bloku kuchongwa. Unanunua seti ya slivu na pistoni zake, unaweka. Ubaya ni kwamba slivu lazima itokeze kidogo sana juu ya uso wa bloku ili gasketi ya hedi iibane. Ikizama, maji na oili vitakutana. Kuokoteza slivu duka hili na pistoni duka lile sitaki kabisa, hata nikibembelezwa kwa bei.

Halafu silinda namba moja ya Peugeot hii iko upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Aliyezoea Toyota anaanza kuhesabu kutoka mbele, anachanganya nyaya za plagi, kisha kabureta inasingiziwa.

Jioni nimempigia Mjomba, yuko Mbale. Shikamoo haijaitikiwa vizuri, tayari anacheka. Anasema injini ilibadilishwa miaka ya Amin, spea zilipokuwa hazionekani. "Wakati ule nani alikuwa anauliza sisi ngapi? Ulishukuru Mungu ukipata injini inayowaka." Kisha akaanza kunisimulia dereva Ove Andersson alivyoshinda Safari Rally ya 1975 na 504, kana kwamba na yeye alikuwemo ndani ya gari.

Wapo watakaosema gari la kale lirudishwe kama lilivyotoka Ufaransa, nitafute XM ya 1796. Mimi sioni sababu. Injini hii imelibeba gari miaka mingi kuliko ile ya kwanza, bloku haina ufa, na seti za 88 nimeshaona zinapatikana. Nitaagiza slivu, pistoni na ringi za boksi moja, pamoja na gasketi ya hedi. Hedi ni ya aluminiamu, kwa hiyo kabla ya yote itapimwa kama imepinda.

Imebaki kadi. Inabidi irekebishwe isome 1971, na hiyo kazi nimemwachia Mjomba. Gari bado liko kwa jina lake, na foleni za ofisini anaziweza kuliko mimi.