Vipovu ndani ya beseni

Mwaka 2011 baba mdogo alikuwa na Land Cruiser ya zamani, mota ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, anateremshia viazi na jibini kutoka Masisi hadi Goma, mashariki mwa Kongo. Asubuhi moja nilifungua radiateri niongeze maji. Kidole kikatoka kimepakaa uji mzito, rangi ya chai ya maziwa.

Fundi wa kwanza hakugusa hata spana. "Jwenti ya kulasi imekwisha," akasema, yaani gasketi iliyo kati ya bloki ya mota na kifuniko cha silinda, akataja dola 400. Baba mdogo akanyamaza. Hizo zilikuwa pesa za shule za watoto.

Tukaivuta hadi mtaa wa Birere, mjini Goma, kwa fundi mzee aliyefanyia kazi uwanjani, juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002. Yeye aliwasha mota, akayainamia maji ya radiateri muda mrefu. Hayakutoa mapovu. Moshi haukuwa mweupe. Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi tu, haijachanganyika na maji.

"Papa, hii si kulasi. Ingekuwa kulasi, gesi ya silinda ingeyachemsha haya maji tukiona. Mota ikiwaka, oili ina presha kuliko maji, ndiyo maana inahamia huku. Tufungue kipoza oili."

Kwenye mota ile kipoza oili kimejificha ubavuni mwa bloki: oili inapita ndani, maji yanakizunguka. Kilitoka kimevaa ganda jeupe la chokaa. Miaka yote tulikuwa tunajaza maji ya Ziwa Kivu, na mpaka leo hilo linaniuma.

Mzee akaziba tundu moja kwa mpira, la pili akaliunga kwenye kompresa, akakizamisha ndani ya beseni. Kimya. Halafu, kwenye ukingo mmoja, vikaanza kupanda vipovu vidogo kama punje za ulezi, kimoja kimoja. Baba mdogo akachuchumaa, akapabana kwa kidole. Vikatokea pembeni ya ukucha.

"Ni hapo," akanong'ona.

Tulipata kingine cha mtumba kwa dola 60, nacho kikapita beseni kwanza. Jwenti zake tulinunua mpya. Kazi iliyotuchosha ni kuosha: sabuni ya unga na maji ya moto, mara nne, hadi mafuta yakakoma kuelea. Mipira ya radiateri iliyovimba kwa oili tuliibadilisha yote.

Siku ya tatu tukaenda Sake. Nilingoja mota ipoe, nikafungua, nikachovya kidole kilekile. Kilirudi na tone la maji ya kijani ya kupozea mota, basi. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kupakia viazi.