Dola 720 na senti 80
Majuzi nilikuwa nasafisha droo ya makaratasi, nikakutana na fomu ya 1099-G ya mwaka 2020. Hiyo ndiyo karatasi ya kodi ya zile pesa za korona walizopewa wakulima: serikali inakuandikia ilikulipa kiasi gani, ili nawe uzilipie kodi.

Mnaonijua mnajua nalima nusu ekari ya kukodi nje kidogo ya Minneapolis: sukumawiki, managu, kunde, dhania. Mei 2020 nikasikia Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, inapokea maombi ya mpango uitwao CFAP, dola bilioni 16 za kulipwa wakulima moja kwa moja. Nikasema, kwani mimi si mkulima?

Nikapiga simu ofisi ya USDA ya kaunti, maana milango ilikuwa imefungwa. Mama aliyepokea alikuwa mpole, lakini swali lake likanimaliza: kati ya Januari 15 na Aprili 15, mboga zangu zilipata hasara gani? Januari, Minnesota! Shamba liko chini ya theluji, nami niko nyumbani na miche ya managu dirishani. Mkulima wa California angekuwa na jibu. Mimi nilimshukuru, nikakata simu.

Septemba ikaja awamu ya pili, hadi dola bilioni 14 zaidi. Safari hii mboga zilihesabiwa kwa mauzo ya 2019: asilimia 10.6 ya dola 49,999 za kwanza, na zaidi ya hapo asilimia inashuka kidogo kidogo. Nikatoa daftari langu lenye madoa ya udongo, nikajumlisha mara tatu. Jumla ya mauzo, dola 6,800. Fomu nazo hazikuisha. Moja ilinitaka nithibitishe kwamba wastani wa mapato yangu hauzidi dola 900,000 kwa mwaka. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini.

Novemba zikaingia: dola 720 na senti 80. Nikanunua nailoni ya kibanda cha miche na mbegu.

Sasa, niseme ukweli ambao sikumwambia yule mama. Mwaka ule wa 2020 mimi niliuza zaidi kuliko 2019. Watu waliogopa supamaketi, nikawa nawapelekea mboga hadi mlangoni. Fomu haikuniuliza. Mwenye shamba ninalokodi ana ekari 600 za mahindi, na mahindi yalilipwa si chini ya dola 15 kwa ekari. Piga hesabu mwenyewe. Sina kinyongo naye, mtu mwema, hunilimia kwa trekta bure. Lakini pesa zilifuata ukubwa wa shamba na mauzo. Shida ya mtu haikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Aliyeumia kweli ni rafiki yangu Mkongomani, aliyekuwa anauzia mikahawa. Mikahawa ilipofungwa, nyanya zake zilimwozea. Naye hakuwa na daftari. Risiti hazikudaiwa papo hapo. Unatia sahihi kwamba unasema kweli, na wanaweza kukukagua baadaye. Lakini mtu anayesubiri uraia hatii sahihi yake chini ya makisio, kwenye karatasi ya serikali. Muda ukapita hivyo hivyo.

Bahati nzuri, Aprili 2021 wakaifungua tena awamu ile ya pili. Tukakaa jioni tatu kwake, chai ya tangawizi mezani, tukifukua meseji za WhatsApp za wapishi za 2019: "leta kilo kumi kesho", "hela ya wiki jana nimetuma". Mkewe ndiye aliyeandika. Mwandiko wake unasomeka.

Akalipwa. Januari iliyofuata simu ikalia, sauti imejaa furaha.

"Dada, serikali imetuma bahasha ingine! Iko na namba ya pesa kabisa."

Nikamwomba anisomee juu kabisa pameandikwa nini.

"1099-G."

Nikamwambia akae chini kwanza.