Mkono wa nne

Nina hadithi iliyolala kwenye droo mwaka wa tatu sasa. Askari amerudi kutoka vitani, na kila usiku mzuka wa adui aliyemuua unambishia mlango. Nilijiona nimeandika kitu kikali kweli. Rafiki yangu aliisoma yote, akauliza jambo moja tu: "Mbona anayetisha ni wa upande wa pili?"

Nilinuna. Jibu nilikuja kulikuta katika riwaya ya David Diop, Frère d'âme, ya mwaka 2018. Alfa Ndiaye, Msenegali anayeipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, amekaa kando ya Mademba, rafiki yake wa kufa na kuzikana (msemo huu sitautamka tena kwa wepesi), ambaye matumbo yako nje. Mademba anamsihi ammalize. Anamsihi mara tatu, na mara tatu Alfa anakataa, maana ndivyo alivyolelewa. Tangu hapo anawavizia askari wa Kijerumani, anawapasua tumbo, kisha anarudi handakini na mkono uliokatwa.

Mkono wa kwanza wenzake wanamshangilia. Wa pili na wa tatu vilevile. Kufikia wa nne wanaanza kumkwepa, na mnong'ono unapita kwamba yule ni mchawi.

Nilifunga kitabu hapo. Kati ya mkono wa tatu na wa nne kimebadilika nini? Panga ni lilelile, tena ni jeshi lililompa, ili Wajerumani wawaogope "washenzi" wa Kiafrika. Jeshi lilitaka zimwi la saa za kazi, likisikia kipenga liwe binadamu tena. Na kibaya zaidi, mkono ule wa kwanza nami niliufurahia. Nilisema moyoni, haya, deni la Mademba limelipwa.

Mwandishi wa Iraki, Ahmed Saadawi, naye anaivuta hesabu hiyo mpaka ikatike katika riwaya yake Frankenstein in Baghdad. Katika Baghdad ya 2005, Hadi, muuza makorokoro, anashona vipande vya watu waliouawa kwa mabomu ili ipatikane maiti moja kamili ya kuzikwa kwa heshima. Maiti inaamka na kuanza kulipiza kisasi cha kila kiungo. Kisasi kikishalipwa, kiungo kinaoza, kinahitajika kingine, na nyama inayopatikana mara nyingine ni ya wahalifu. Hatimaye kiumbe mwenyewe hajui ana damu ya nani zaidi. Katikati riwaya ilinichosha kidogo, wahusika ni wengi mno, lakini kiumbe huyo hajanitoka kichwani.

Juzi nimeitoa ile hadithi yangu drooni. Mzuka nimeufuta. Ukurasa wa kwanza umebaki kama ulivyokuwa, ni usiku na mlango unabishwa. Ila askari akifungua anawakuta majirani, wamekuja kumpongeza.