Bata, siyo baba

Baba alikuwa konda wa daladala, Mbagala–Kariakoo, miaka kumi na tisa. Alikuwa akiita abiria, kituo kizima kinageuka. Sasa ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha mwendo na sauti, na akiomba maji utadhani anajisemea mwenyewe.

Mtaalamu wa usemi tuliyempata yuko Arusha, na nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi hatuna. Tukaanza kwa simu ya video. Vurugu tupu. Simu hizi hufuta kelele zenyewe, na sauti ya Baba imekuwa ndogo mno, basi inafutwa pamoja na feni. Mtaalamu akasema tuachane nayo: Baba arekodiwe kwenye simu yetu, kisha faili litumwe kama dokumenti ili sauti isibanwe njiani. Simu ikae sentimita 30 kutoka mdomoni, kila siku palepale. Nikapima kwa rula ya mwanangu. Feni tukazima, madirisha tukafunga, joto la Tandika la Februari mnalijua, tukawa tunasubiri bajaji ipite ndipo Baba asome.

Kilichoniuma ni kunyimwa kazi ya kutoa alama, yaani kuhesabu maneno yake mangapi yanaeleweka. Nilimwambia mtaalamu kwamba mimi namwelewa Baba karibu kila neno.

"Ndiyo maana hufai, dada. Wewe unamjazia."

Sentensi alitunga yeye, za ajabuajabu, mtu asiweze kubahatisha mwisho wake. Wakazisikiliza watu wawili wasiomjua Baba, kila mmoja kivyake, wakaandika walichosikia. Sauti tu, bila picha, maana ukiona midomo unapata msaada. Kati ya maneno 110, mmoja alipata 64, mwingine 71. Usiku ule sikula.

Baba yeye akataka aonyeshwe makaratasi. Alikuwa amesoma "Bata amelala juu ya paa." Msikilizaji mmoja kaandika "Baba amelala juu ya paa."

"Nimefuata nini huko juu?" Akacheka mpaka akakohoa. Ile *t* ndiyo imemponyoka. Ulimi unapanda kivivu, haugusi vizuri nyuma ya meno.

Jumamosi iliyofuata mtaalamu alipiga simu kabla hatujarekodi. "Shikamoo mzee. Leo soma kama unaita abiria wa Mbagala Rangi Tatu."

Baba akajiweka sawa kitini, akavuta pumzi. Nikabonyeza kurekodi.

"BATA amelala juu ya paa!"

Uani, mama jirani akaacha kufua. "Mzee, bata wa nani huyo?"