Montreux, kumuona mtoto wa Shangani, Unguja

Nlikuwa Geneva, Uswisi, kwa dada angu, nikamwambia jumamosi naenda Montreux, akacheka, "yaani nauli yote hiyo ukaangalie sanamu?" Ndio, sanamu. Treni kama saa moja hivi, ziwa mkono wa kulia, kushoto mizabibu imepandwa kwa matuta mpaka juu mlimani, bei ya tiketi sisemi maana mpaka leo inaniuma.

Freddie Mercury, yule muimbaji wa bendi ya Queen, kasimama karibu na soko, ngumi juu, mita 3 za shaba, kaupa mji mgongo anaangalia maji. Walimuweka 1996, miaka 5 baada ya kufa. Mzee mmoja mtalii akaniomba nimpige picha, stori zikaanza, nkamwambia huyu kwetu huyu, kazaliwa Unguja 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Akanitizama kama namtania! Nkamwambia babu, baba ake alikuwa keshia wa serikali ya Mwingereza palepale Mji Mkongwe, mtoto akapelekwa bweni India, Panchgani, huko ndo akaanza kupiga piano kwenye bendi ya wanafunzi, karudi Unguja 1963, mwaka wa pili yake mapinduzi, familia ikahamia Uingereza yeye ana miaka 17. Na ile Bismillah kwenye wimbo wao wa Bohemian Rhapsody we unadhani aliisikia wapi mara ya kwanza? (Hapa nlijiongeza kidogo, sina ushahidi, ila mtoto kakulia mji wa misikiti vile.)

Halafu nikaenda kasino, ndani ndo kuna studio Queen waliyoinunua 1979, kuingia ilikuwa bure, mlango umejaa maandishi ya mashabiki hakuna pa kuweka hata kidole. Hapo mwezi wa tano 1991, anaumwa hata kusimama shida, alirekodi wimbo wa Mother Love, ubeti wa mwisho hakuuwahi, baadae Brian May, mpiga gitaa wao, ndo akauimba.

Kulikuwa na meza ya miksi, ya kuchanganyia sauti, unaruhusiwa kuichezea. Nkashusha ngoma, nkashusha gitaa, besi, vyote chini kabisa, nkaacha sauti yake tu. Jamani. Unasikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya neno. Nyuma yangu foleni, mtoto mmoja anavuta shati la mamake anataka zamu yake, na mi nkajifanya sioni, nkairudisha tena mwanzo.