Farasi wa darini na kindi wa mezani

Hivi kwa nini simba aliyekaushwa akiwekwa makumbusho, meno nje kama anataka kukurukia, hakuna anayelalamika, ila msanii wa Italia Maurizio Cattelan alivyomning'iniza farasi aliyekaushwa darini mwaka 1997 watu wakaona kamdhalilisha mnyama? Wote wawili wamekufa jamani, na wote wamewekwa pozi na binadamu.

Maana mle ndani mnyama hayumo. Ngozi inachunwa, inatiwa chumvi na dawa, afu inavalishwa umbo la povu gumu, macho ni ya kioo, na ile hasira unayoiona usoni fundi kaifinyanga kwa udongo kuzunguka jicho. Simba mwenyewe pengine muda mwingi alikuwa amelala zake tu, ila nani atalipa kiingilio aone simba amelala.

Mfano ninaoupenda ni yule walrasi (mnyama mkubwa wa bahari za barafu, mwenye meno marefu mawili) wa makumbusho ya Horniman kule London. Enzi hizo za karne ya 19 waliowahi kumwona akiwa hai walikuwa wachache mno, fundi hakujua ile ngozi inatakiwa ijikunje, basi akajaza na kujaza mpaka makunyanzi yote yakaisha, mnyama akatoka amevimba kama puto, na miaka yote hiyo watu wamekuwa wakienda kumwangalia. Yule ndo mkweli kuliko wote, anakuonyesha wazi kwamba unachokitazama ni mawazo ya fundi.

Wasanii wa sasa wanafanya hivyo makusudi. Huyohuyo Cattelan mwaka 1996 alimkalisha kindi kwenye kijimeza cha jikoni, kichwa kimelala mezani, bastola iko chini miguuni, na nyuma yake kuna sinki lenye vyombo vichafu. Ni vile vyombo vinavyoniumiza mimi, bastola hata siyo, kwa sababu ghafla unamhurumia kindi kwa shida ambazo kindi hana, ni zako wewe!

Sasa sisemi kila kitu ni sawa. Msanii Polly Morgan wa Uingereza anatumia wanyama waliokufa kwa ajali au kifo cha kawaida, hapo sina neno. Ila papa wa msanii mwenzake Damien Hirst (yule katiwa kwenye formalini, dawa ya maji ya kuzuia kuoza, hakukaushwa) alivuliwa kwa oda, akaanza kuoza, mwaka 2006 akaletwa papa mwingine na kazi ikabaki na jina lilelile. Hapo mi siko nao kabisa.